Chini ya Kengeleni

Mwezi wa pili mwenye ploti yetu aliamua kuchimba shimo jipya la choo. La zamani lilikuwa limejaa, na kila mpangaji alikuwa na maoni yake kuhusu nani hasa alilijaza. Akaletwa fundi mmoja mzee, na mtaimbo wake, na sururu, na kijana wa kuvuta ndoo. Siku ya kwanza walitoa mchanga tu. Siku ya pili mlio ukabadilika. Mimi nilikuwa chumbani nahangaika na makala ya mteja, na ule mtaimbo ulikuwa kama unagonga kichwa changu. Nikatoka kuangalia.

"Waona hili?" fundi akaniambia kutoka shimoni, akanirushia kipande.

Kilikuwa cheupe chenye umanjano, chepesi kuliko nilivyotarajia, na upande mmoja kilikuwa na mistari inayojipindapinda kama ubongo wa mbuzi.

"Usilione jiwe hilo. Hilo lilikuwa hai. Hapa palikuwa bahari, mwanangu."

"Lini, mzee?"

"Kabla ya kengele."

Kwa mtu wa Frere Town hilo ni jibu kamili. Kengele ipo pale Kengeleni, kando ya barabara kuu, na matatu za kwenda Bamburi na Mtwapa zinaipita siku nzima bila hata abiria mmoja kugeuza shingo. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu wakati wakamataji watumwa walipokaribia. Historia yetu huanzia hapo: mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, baada ya Sir Bartle Frere kutumwa na Waingereza kumshinikiza. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, wakaanzisha kijiji cha watumwa walioachiwa huru hapa Kisauni, ng'ambo ya bandari ya zamani, wakakiita kwa jina la Frere. Hayo tunayajua, ama tunajifanya tunayajua. Lakini maneno ya fundi yalinikaa. Kabla ya kengele kulikuwa na nini?

Shuleni tulikariri aina tatu za miamba. Miamba moto, inayotokana na uji wa moto kutoka ndani ya dunia ukipoa. Miamba mashapo, inayotokana na mchanga, tope, makombe na mabaki mengine yakilundikana na kushikana. Miamba geu, ambayo ilikuwa mojawapo ya hizo, ama hata geu nyingine, kisha ikazikwa na kupikwa na kubanwa mpaka ikawa kitu kingine. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu, nikasahau. Hakuna aliyewahi kutuambia sisi wenyewe tumekalia ipi.

Tumekalia mashapo, na mashapo ya aina ya ajabu. Matumbawe ni wanyama, wadogo sana, laini, wanaoishi kwa makundi katika maji ya bahari yenye joto na mwanga. Kila mmoja anajijengea kikombe cha chokaa aliyoitoa kwenye maji. Akifa, kikombe kinabaki, na mwingine anajenga juu yake. Ongeza makombe ya konokono na mchanga mweupe unaojaza nafasi, halafu ipe kazi hiyo maelfu ya miaka. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, dunia ikiwa na joto na barafu ya ncha zake imepungua, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Huku kwetu, Nyali, Bamburi, kisiwani na Likoni, kote kulikuwa mwamba hai na samaki wa rangi wakipita. Ukisimama Kengeleni ukisubiri matatu, wewe uko juu ya mgongo wa mwamba huo.

Kisha baridi ikaja. Barafu ikajirundika kaskazini na kusini ya dunia, na maji yakatoka baharini kwenda kuwa barafu. Kufikia kama miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kwa kiasi cha mita 120. Mwamba ukabaki nchi kavu, ukafa, ukaanza kunyeshewa. Maji ya mvua yana ukali kidogo, yanayeyusha chokaa hapa na kuishusha pale, kwa hiyo jiwe lilikuwa linashikana na kutobolewa kwa wakati mmoja. Mito nayo ililazimika kuteremka mbali zaidi kuifuata bahari, ikachimba mabonde marefu. Barafu ilipoyeyuka tena, bahari ikapanda na kuingia ndani ya mabonde hayo. Ndiyo Kilindini. Ndiyo Tudor. Mombasa ni kisiwa kwa sababu mabonde ya mito yalifurika. Wakati unalaani foleni ya Nyali Bridge (ile ya kwanza ya kuelea ilifunguliwa 1931, hii ya sasa 1980) unailaani enzi ya barafu.

Bonde hilohilo ndilo lililowapa wamishenari mahali pao. Walitaka kuwa karibu na mji na bandari lakini wasiwe ndani ya mji, ambako wenye watumwa walikuwa majirani na wenye nguvu. Mkono wa bahari kati yao uliwafaa. Tena upande huu tayari ulikuwa na kaburi lao: Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na binti yao mchanga huku bara, juu ya mwamba uleule wa matumbawe.

Jiwe hili lina tabia mbili ambazo watu wa pwani walizijua karne nyingi kabla ya kozi yoyote ya jiolojia. Ya kwanza, linachongeka. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, waweza kulichora nakshi kwa patasi, na likikauka juani linakuwa gumu. Hilo ndilo lililotumika kwenye mihirabu na fremu za milango za majumba ya zamani. Jiwe la nchi kavu, la kale, ni kwaruzi na halina adabu, likaachiwa kuta nene. Ya pili, linachomeka. Mafundi walipanga magogo, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha. Joto likipanda vya kutosha jiwe linatoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe na kuwa unga laini. Uchanganye na mchanga, ujengee ukuta, na pole pole, mwaka baada ya mwaka, ile chokaa inavuta tena hewa iliyopoteza na kurudi kuwa jiwe. Hiyo nilipoisoma nilikaa kimya kidogo. Plasta ya nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe yaliyokufa mara mbili.

Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, mchoraji wao alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini jiwe lilikuwa letu. Walikalisha ngome juu ya mwamba wa matumbawe, wakachimba handaki ndani ya mwamba wa matumbawe, wakainua kuta kwa mawe ya matumbawe. Jiwe hili lenye vitundu haliwi kama itale: risasi ya mzinga ikilipiga, badala ya kupasuka lote, linabonyea hapo ilipopiga. Ngome ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 mpaka 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko na mizinga.

Jiwe halina upande lakini. Kule Shimoni, kusini kabisa, mwamba huohuo umetobolewa na maji ya mvua ukawa mapango, na wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri majahazi. Huku Frere Town jiwe lilelile likawa kuta za kanisa na nyumba za watu walioachiwa huru. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Naliweka tu hapa.

Na watu wenyewe walitoka kwenye mawe mengine kabisa.

Wengi wa watu wa mwanzo wa Frere Town walikuwa wamekamatwa mbali, pande za Ziwa Nyasa, wakiwemo Wayao. James Juma Mbotela, aliyezaliwa na watu hao, aliandika kisa chao katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka 1934. (Leonard Mambo Mbotela, yule wa redio, alitoka ukoo huohuo. Ukimsikia mzee wa Kisauni akikusahihisha Kiswahili chako, ujue ana pa kutolea.) Wengine walipitia India: waliokolewa wakiwa watoto na manowari za Kiingereza, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarejeshwa Afrika watu wazima. Hao ndio walioitwa Waafrika wa Bombay, kina William Jones, George David na Ishmael Semler, walimu na wahubiri waliokibeba kijiji hiki wakati wazungu walikuwa wanaumwa homa.

Sasa, nchi ya Wayao imelala juu ya miamba geu, migumu, ya kijivu na waridi yenye mistari. Na miamba hiyo ni sehemu ya ukanda mmoja mrefu, unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, unaopanda kutoka huko kusini, ukapitia Tanzania, ukaingia Kenya. Kwetu unatokeza Taita. Kwa hiyo mwaka huu, baada ya lile shimo, niliamua kufanya jambo la kijinga: kupanda basi kwenda Voi nikiangalia mawe tu.

Si safari ndefu, kama kilomita 150, lakini kwa mawe ni kama kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Unatoka kwenye matumbawe ya juzi. Ukishavuka kisiwa na kufika Changamwe, ardhi inakuwa ya tope gumu lililojipanga karatasi karatasi, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 150. Hilo lilikuwa tope la chini ya bahari, wakati Afrika na Madagaska zinaachana. Ndani yake yamepatikana makombe ya amonaiti, ndugu wa pweza waliovaa gamba la kujizungusha, ambao hawapo tena duniani. Watu wanajenga magodauni juu yake.

Panda kidogo ufike Mazeras. Hapa kila Mkenya aliyewahi kukaa kwenye veranda ya mtu mwenye pesa anajua jiwe lake bila kujua: zile bapa za manjano, kahawia na zambarau zinazotandazwa kwenye bustani mpaka Nairobi. Ni mchanga wa mito na maziwa ya zamani, zaidi ya miaka milioni 200, uliolala tabaka kwa tabaka, ndiyo maana unabanduka kama kurasa. Kisha Taru, changarawe iliyoshikana, ya zamani zaidi. Nyika ya Taru ilikuwa inawaogopesha wasafiri kwa kiu. Kilichowaokoa ni ngurunga, mabeseni ndani ya jiwe lenyewe yanayoshika maji ya mvua. Misafara ya kwenda bara ilihesabu safari kwa ngurunga hizo: zikiwa na maji mnapita, zikiwa kavu mnazika watu. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ndiyo iliyowapunguzia wapagazi kutegemea mabeseni ya Mungu.

Mpaka hapo kote ni mashapo. Kisha bila taarifa milima inasimama: Kasigau, Sagala, Taita. Hapa ndipo kwenye miamba geu. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500, mabara mawili yaligongana, na tope, mchanga na chokaa vilivyokuwa katikati vikasukumwa chini makumi ya kilomita, kwenye joto na mkandamizo, vikapikwa bila kuyeyuka. Madini yakajipanga upya kwa mistari. Baadaye milima iliyokuwa juu ikamomonyoka yote, na kile kilichokuwa tumboni mwa dunia kikatokea nje. Wakati wa kupikwa huko ndipo ilipozaliwa tsavorite, kito cha kijani ambacho Campbell Bridges alikipata Tanzania mwaka 1967 na kisha huku Taita miaka michache baadaye. Mwenyewe aliuawa huko mwaka 2009, katika mgogoro wa machimbo. Kule Turoka, Kajiado, chokaa iliyopikwa hivyo imekuwa marumaru. Yaani jiwe letu la Kisauni, likizikwa chini kwa muda wa kutosha, linaweza kuwa marumaru. Lakini usingoje.

Nilishuka Voi nikaweka kiganja changu juu ya jiwe kando ya barabara. Lilikuwa la moto, na zito, bila kitundu hata kimoja. Nikawaza kuhusu mtu wa mwaka 1875, aliyezaliwa juu ya jiwe la namna hiyo, akateremshwa kwa minyororo mpaka Kilwa, akapakiwa jahazini, akakamatwa tena na manowari kwa wema, akashushwa Kisauni, akapewa jembe. Akilipiga ardhini linagonga kitu cheupe chenye makombe, na kisima alichochimba kikatoa maji ya chumvi. Wamishenari waliandika sana kuhusu roho zao. Natamani mmoja angeuliza waliionaje ile ardhi.

Aina ya tatu, miamba moto, sikulazimika kwenda kuitafuta. Inakuja Mombasa yenyewe kwa bomba.

Kaskazini magharibi ya Voi, kati ya Tsavo na Amboseli, kuna vilima vya Chyulu. Ni volkeno changa. Zilitapika mara ya mwisho katikati ya karne ya 19. Karibu yake kuna uwanja wa lava nyeusi unaoitwa Shetani, na ukiuona huulizi kwa nini. Lava ikipoa haraka inabaki na matundu na nyufa. Mvua ikinyesha Chyulu haitiririki, inazama, inapita kwenye majivu na lava kilomita nyingi chini ya ardhi, inachujwa, na inatokeza Mzima Springs ikiwa safi kiasi kwamba unaona kiboko akitembea chini ya maji. Miaka ya 1950 bomba likajengwa kutoka Mzima mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Maji yake ndiyo mji huu unayoyaita maji matamu.

Yanayofika. Frere Town mfereji ukitoa maji mara mbili kwa wiki unashukuru. Siku nyingine ni mkokoteni na mitungi ya lita 20, na bei inategemea jua na uso wako. Kwa kufua na kuosha vyombo kuna kisima cha ploti, na hapo ndipo tunaporudi kwenye tabia ya tatu ya jiwe letu, ile ambayo haisifiwi. Halizuii kitu. Lina matundu, linapitisha. Mvua inapita, bahari inapita kutoka chini, na kinachotoka kwenye shimo la choo kinapita pia. Lava ya Chyulu inapitisha maji ikiwa haina watu juu yake. Matumbawe ya Kisauni yanapitisha yakiwa na ploti ya vyumba kumi na mbili, choo kimoja, na jirani mwenye ploti ya vyumba kumi na sita. Watu wa 1875 walikuwa wachache. Sisi ni wengi, na mashimo yetu yanaongea.

Upande wa pili kuna saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kwa sababu ileile iliyowapa mafundi wa zamani chokaa: matumbawe ya kale, yakisagwa na kuchanganywa na udongo, yakachomwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400. Nusu ya ghorofa za mji huu ni mwamba huohuo uliohamishwa na kusimamishwa wima. Machimbo yaliacha jangwa jeupe, lenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo, na mingi ikafa, mvinje ukastahimili. Majani yake yakakataa kuoza, mpaka walipoletwa majongoo kuyala na kuyafanya udongo. Leo familia zinalipa kiingilio kwenda kuona twiga ndani ya shimo. Ni kazi nzuri, nakubali. Ila mara nyingi hadithi ya bustani inasimuliwa kwa sauti kubwa na hadithi ya shimo kwa sauti ndogo.

Na wale wanyama waliotujengea ardhi bado wako, nje kidogo, ukiangalia mawimbi yanapovunjika mbele ya Nyali. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Sehemu imerudi, sehemu bado.

Siku ya sita fundi alifikia maji. Alikuwa chini sana, kichwa chake tu ndicho kinachoonekana ukiinama, na akaita ndoo. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi," akasema. "Tuache hapa."

Mama mwenye ploti akasogea ukingoni na leso yake mkononi. Akauliza shimo liko umbali gani na kisima. Kijana wa ndoo akapima kwa miguu: hatua kumi na nne.

"Zatosha?" akauliza.

Fundi alikuwa anapanda ngazi, kiatu kimoja kimejaa maji. Alijifuta uso kabla ya kujibu.

"Kwa udongo zingetosha, mama. Kwa mwamba huu, hatua si hesabu."

Mama akaangalia kisima, akaangalia mlango wa choo cha zamani ambao haufungi tena, akatuangalia sisi wapangaji tuliosimama pale na ndoo zetu.

"Haya," akasema. "Leteni simiti."